Vinyonga nimewatafuta mimi, jina la kwanza linatakiwa na profesa

SWALI

Mama Mshauri, jambo sana.

Mimi ni asistanti katika chuo kikuu kimoja hapa Bukavu, kitivo cha sayansi. Nasoma safu yako tangu nikiwa mwanafunzi na sikudhani siku moja na mimi nitakuandikia. Lakini jambo hili la mpangilio wa majina ya waandishi kwenye makala limeninyima usingizi, na nyumbani hakuna wa kulielewa. Mume wangu anauza samaki, sambaza, ananisikiliza kwa upendo wote, kisha ananiuliza, "Jina la mbele na jina la nyuma, lipi lina mshahara zaidi?"

Utafiti wangu ni juu ya vinyonga. Ndiyo, hao hao ambao mama zetu walitukataza hata kuwatazama. Nimefanya tereni, yaani kazi ya uwanjani, katika milima ya upande wa Mwenga, kuelekea Itombwe, ili nijue ni aina gani zipo na kila aina inaishi kwenye kimo gani. Kinyonga hutafutwa usiku kwa tochi, kwa sababu akilala rangi yake hufifia, ukimmulika anang'aa kwenye tawi. Usiku wa milima yetu unaujua, Mama. Nisingeweza kitu bila Papa mmoja wa kijijini, Mlega, mwindaji wa zamani, anayejua kila kijito. Mara nyingi ni yeye aliyemwona kinyonga kwanza, mimi nikaandika: saa, kimo, latitudo na longitudo, tawi liko juu kiasi gani, picha. Wachache tuliwachukua, wamehifadhiwa kwenye alkoholi.

Sasa mswada umekwisha. Niliuandika kwa Kifaransa, nikaugeuza Kiingereza kwa msaada wa programu ya mtandaoni. Nikampelekea promota wangu, profesa anayenisimamia. Ruhusa ya utafiti ilitolewa kwa jina lake, hata GPS ni ya mradi wake, hilo sikatai. Lakini hakukanyaga mlimani hata mara moja, na mswada alikaa nao muda mrefu, akaurudisha amesahihisha koma mbili. Baadaye mwenzangu wa ofisini akaniambia, "Mzee anataka jina lake liwe la kwanza, la pili liwe la shefu wa kazi fulani." Huyo wa pili, mwenye cheo ninachokitafuta mimi, sidhani kama amewahi kushika kinyonga maishani mwake. Mimi ni wa tatu. Papa hayumo popote.

Dosye yangu, yaani faili la maombi ya kupanda kuwa shefu wa kazi, inafungwa mwisho wa mwaka huu wa masomo, na makala ambayo mimi ni wa tatu haitanisaidia sana. Na juzi nimepata barua pepe ya jarida moja, wananiita "Mtafiti Mashuhuri", wanaahidi kuchapisha ndani ya siku kumi kwa dola 180. Nikawaza niwapelekee kimya kimya, jina langu peke yangu, Papa nimweke kwenye shukrani, dosye ijae, mambo yaishe. Dada yangu aliye Lubumbashi ananihimiza, anasema wakubwa wa vyuo wamezoea kula jasho la wasichana. Mama mkwe wangu anasema nisishindane na mtu anayetia saini.

La mwisho. Papa aliniomba, "Mwanangu, usiwaonyeshe watu njia." Kuna wakati walikuja wageni wakanunua vinyonga hai kwa watoto wa kijiji, wakaondoka nao ndani ya chupa za plastiki. Lakini jarida zuri nililosoma maagizo yake linataka data zote ziwe wazi, pamoja na mahali. Nikificha, watasema sina data. Nikitoa, nimemsaliti mzee wa watu.

Nifanye nini, Mama?

Asistanti wa Ibanda

JIBU

Mama Asistanti, jambo, na aksanti kwa barua uliyoiandika kwa uangalifu namna hii. Mumeo msalimie. Swali lake si la mzaha kama anavyodhani, nitalifikia.

Nikikusikia vizuri, umefanya kazi ya miguu na ya macho, umeiandika, na sasa unaogopa itatoka ikiwa na sura ya mtu mwingine. Unaogopa pia kumpoteza profesa ambaye saini yake unaihitaji. Unaogopa tarehe. Na una ahadi kwa mzee wa kijiji ambayo maagizo ya jarida yanaonekana kuivunja. Umeyaweka yote kwenye mzani mmoja, ndiyo maana hayabebeki. Tuyatenganishe.

Naanza na profesa, kwa sababu nadhani ndiye anayekunyima usingizi. Naomba urudi kwenye barua yako uniambie: yeye mwenyewe alikuambia nini? Nimetafuta, sijaona. Aliyesema ni mwenzako wa ofisini. Inawezekana amesema kweli tupu. Inawezekana pia mzee alitamka neno moja la "tutaona majina", likapita korido mbili na kufika kwako limeshakuwa uamuzi. Huu ugomvi ulio nao kichwani, profesa bado hajaalikwa.

Jambo la pili kuhusu yeye. Koma mbili zimekuuma, na zingemuuma yeyote. Lakini ruhusa na vifaa vilitoka kwake, na wewe unajua ruhusa ya utafiti katika mkoa wetu inavyotafutwa. Je, hiyo inamfanya mwandishi? Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo kanuni zake zinafuatwa na majarida mengi hata ya baiolojia, imeweka masharti manne, na mtu ayatimize yote: awe amechangia kwa uzito katika kupanga utafiti, kukusanya data au kuzichambua; awe ameandika au amehakiki maandishi kwa akili yake; aidhinishe nakala ya mwisho; na akubali kuwajibika kwa kilichomo. Kutafuta fedha peke yake hakutoshi, wala kuwa mkuu wa idara hakutoshi. Kwa kipimo hicho yule shefu wa kazi wa pili, kama hali yake ni kama ulivyosema, hana pa kusimama.

Ila kanuni hiyo ina nusu nyingine ambayo watu hawaisomi. Inasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Usitumie zile kanuni kumfungia mtu nje wakati zinataka umfungulie kwanza. Kama profesa ndiye aliyekaa nawe mwanzo mkapanga utafute nini na wapi, basi ana haki ya kuombwa asome mswada sawasawa, sehemu ya matokeo na sehemu ya mjadala, siyo koma. Na kama ni hivyo kwake, ni hivyo kwa Papa pia. Huyo nitamrudia.

Sasa swali la mumeo. Katika makala za baiolojia, jina la kwanza huwa la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na kuandika. Jina la mwisho, kwa desturi, huwa la mkuu aliyesimamia. Anayesoma orodha ya waandishi hutazama pande mbili hizo. Maprofesa wetu wengi walikua katika desturi nyingine, ambapo mkubwa hutangulia kama kwenye barua ya serikali, na wanaona kuwekwa mwisho ni kudharauliwa. Je, wako ni mmoja wao? Mimi simjui. Unayemjua ni wewe.

Nikuonyeshe njia moja ya kulifungua jambo hili bila kumshtaki mtu. Majarida mengi leo hudai tamko la nani alifanya nini, na mengi hutumia orodha iitwayo CRediT yenye majukumu 14: kuwaza swali, kukusanya data, kuchambua, kuandika rasimu ya kwanza, kuhariri, kusimamia, kutafuta fedha, kutoa vifaa na mengineyo. Ichapishe. Nenda nayo kwake ikiwa tupu, asubuhi, siyo saa ya kikao. Mwambie, "Prof, jarida linataka tujaze hii kabla ya kupeleka, nimeona nisiijaze bila wewe." Swali ambalo wewe huwezi kumwuliza kwa mdomo, karatasi itamwuliza. Na ndani ya orodha hiyo yumo naye kwa heshima: kusimamia, fedha, vifaa. Atakapofika kwenye mstari wa kukusanya data ataandika jina gani? Hatari ni kwamba anaweza kuandika lolote na kukutazama machoni. Hapo utakuwa umejua jambo ambalo leo unalisikia tu, na daftari zako za tereni zenye tarehe zibaki mahali salama. Juu yake kuna makamu wa mkuu wa kitivo anayehusika na utafiti. Mlango huo upo, lakini ukishaufungua haufungiki kirahisi, na chuo ni kidogo.

Dada yako wa Lubumbashi hasemi uongo. Mambo hayo yapo, na wasichana wanayalipia zaidi. Mama mkwe naye ameona maisha. Ila wote wawili hawatakuwepo Jumatatu utakapokutana na profesa kwenye ngazi.

Kupeleka kimya kimya: natamani ulifikirie pole pole. Katika sehemu ya mbinu utalazimika kutaja ruhusa ya utafiti, na ruhusa ina jina lake. Akiiona makala, anaweza kumwandikia mhariri. Majarida yanayofuata taratibu za COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa 1997, yakipata malalamiko ya namna hiyo husimamisha mambo na kukiandikia chuo chako. Hapo utakayekuwa unajieleza ni wewe, uliyefanya kazi. Ukiamua kwenda njia hiyo, uende ukiijua.

Lile jarida la dola 180 sijaliona, siwezi kuliita la wezi. Lakini jiulize: katika siku kumi, nani atakuwa ameangalia picha zako na kusema ndiyo, huyu ni aina hii na siyo ile jirani yake? Kwa vinyonga hilo ndilo lenye uzito. Wahakiki, yaani wataalamu wanaoupima mswada kabla haujachapishwa, wanaowajua vinyonga ni wachache duniani na huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi. Tazama kama jarida hilo limo katika DOAJ, orodha ya majarida huria. Mwandikie mmoja wa wahariri waliotajwa kwenye ukurasa wao umwulize kama anajua kwamba yeye ni mhariri. (Usicheke. Wapo wasiojua.) Makala ikishachapishwa huko, jarida lingine halitaipokea tena, na kuiondoa kuna majarida yanayodai pesa juu ya pesa.

Labda pia umeamini kwamba majarida mazuri ni ya wenye pesa. Si yote. Zootaxa, linalochapa kazi za uainishaji wa wanyama tangu 2001, halimtozi mwandishi ambaye hakuchagua makala yake iwe wazi kwa wote. Lipo African Journal of Herpetology, la chama cha Afrika cha wanaochunguza amfibia na reptilia. Na katika Research4Life, mpango wa kuzisaidia nchi zenye kipato kidogo kuyafikia majarida, nchi yetu imo kwenye kundi la kwanza, kwa hiyo wachapishaji kadhaa humsamehe ada yote mwandishi mwenye anwani ya Kongo. Omba msamaha huo kabla ya kupeleka mswada; wengine hawausikilizi ukishakubaliwa. Na ile programu iliyokusaidia Kiingereza, soma maagizo: majarida mengi yanataka uitaje.

Sasa Papa.

Umeandika kwamba mara nyingi ni yeye aliyemwona kinyonga kwanza. Kwa sharti la kwanza la wale wahariri, huko ni kukusanya data. Sisi wasomi tumezoea kuwaweka watu kama hao kwenye mstari wa shukrani, "tunamshukuru kiongozi wetu wa msituni", bila hata jina. Lakini umemwuliza anataka nini? Kuna njia kadhaa. Anaweza kuwa mwandishi kamili. Hapo utapaswa kukaa naye na kumsomea mswada kwa Kiswahili au Kilega, picha kwa picha, hadi aseme ndiyo, au aseme hapa umekosea. Nadhani atakusahihisha mahali ambapo hakuna mhakiki atakayepaona, kwa mfano kijito ulichokipa jina la kijito kingine. Anaweza kutajwa kwa jina kwenye shukrani. Au asitajwe kabisa.

Hilo la tatu usilione kuwa dharau. Jina kwenye makala linasomwa na kila mtu, na milima yenu inapitwa na wenye silaha wa kila rangi. Mtu aliyeandikwa kwamba anajua njia za msituni na kutembea na watafiti usiku anaweza kutafutwa kwa sababu ambazo si vinyonga. Mwingine kwake itakuwa fahari kubwa, ataibandika ukutani. Huwezi kumchagulia. Na angalia mtego mdogo: mwandishi huandikiwa anwani. Ukiweka kijiji chake chini ya jina lake, umeshaonyesha ile njia aliyokuomba usiionyeshe, hata kama ramani yako imefichwa vizuri.

Hapo tumefika kwenye data. Umesema ukificha watasema huna. Sidhani. Vinyonga wa jenasi za Trioceros na Kinyongia wamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa sababu hiyo hiyo ya chupa za plastiki, na wahariri wa fani hii wanajua. Utaratibu upo. GBIF, mtandao wa data za bioanuwai wenye sekretarieti Copenhagen, una mwongozo wa aina zilizo hatarini kuibwa: latitudo na longitudo hukatwa desimali. Ukiacha desimali moja, mahali panatanuka kuwa mraba wa kilomita 11 hivi kila upande. Ukiacha mbili, kilomita moja hivi. Mpangilio wa Darwin Core unaotumika kupanga data hizo una nafasi maalumu ya kuandika kwamba kuna habari umezizuia na kwa nini. Nakala kamili unaweza kumpa mhariri na wahakiki kwa siri, na kuiacha chuoni ili anayehitaji aiombe akieleza sababu.

Ni wewe utakayepima ukate kiasi gani. Swali lako la kisayansi ni kimo, na kimo hakihitaji kijito kutajwa. Lakini kimo, pamoja na jina la kijito, pamoja na picha ya bonde, ni njia nzima. Na picha za simu hubeba mahali ndani yake hata kama huoni. Zisafishe kabla hujazipeleka. Kwa upande mwingine, kila desimali unayoikata inamnyima pia mtu mwema. Hifadhi ya Itombwe ilianzishwa 2006, na wanaoisimamia watatetea vipi bonde wasilolijua? Labda wao wapewe nakala kamili. Labda Papa hatakubali hata hao, na atakuwa na sababu zake. Hata alipokuambia "njia", alimaanisha namba za GPS, au jina la kijiji, au njia yenyewe ya miguu? Mimi nisingebashiri, ningemwuliza nikiwa na ramani mkononi.

Kuna mlango mwingine ambao hukuutaja: makala ya data peke yake, fupi, inayoeleza mlivyokusanya na kilichomo, huku seti yenyewe ikiwekwa GBIF kupitia taasisi. Humo jina lako hukaa kama mkusanyaji, na uchambuzi mkubwa unaufuatisha baadaye. Kwa wengine imekuwa njia ya kutoka bila ugomvi. Ubaya wake ni kwamba data zikishawekwa, mwenye intaneti ya kasi kuliko yako anaweza kuzichambua kabla yako. Na bado utahitaji kukubaliana na profesa, kwa kuwa taasisi ndiyo inayochapisha.

Nimalizie na tarehe, maana naona ndiyo inayokusukuma kwenye siku kumi za lile jarida. Umejuaje kwamba dosye inahitaji makala iliyokwisha kuchapishwa? Mahali pengine barua ya mhariri inayosema mswada umekubaliwa hupokelewa. Pengine hawataki kitu ila kurasa zilizochapwa. Pengine jina la pili au la mwisho huhesabiwa, pengine la kwanza tu. Anayejua ya kwenu ni sekretari wa kitivo. Mpitie kabla hujapanda kwa profesa na ile karatasi ya majukumu 14, kwa sababu akikupa hata miezi mitatu zaidi, mazungumzo utakayokwenda kuyafanya huko juu yatakuwa mengine.